Somo: Kufufua Bunduki ya Martini-Henry Iliyotelekezwa na Kutafuta Vipuri Vyake Adimu

Martini-Henry ilianza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, na mwishoni mwa miaka ya 1880 nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na bunduki ya Lee-Metford. Nyingi zinazowafikia wakusanyaji leo zimelala ghalani kwa miongo mingi, zikiwemo zile zilizotolewa Kathmandu, nchini Nepal, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwa zimegandwa na grisi kuukuu na vumbi. Bunduki ya namna hii haitakiwi kufanywa mpya. Inatakiwa kuzuiwa isiendelee kuliwa na kutu, kisha ikamilishwe kwa vipuri vya toleo lake.

Hatua ya 1: Usalama na utambuzi

Ukishahakikisha kwamba sheria ya mahali ulipo inakuruhusu kuimiliki, shusha wenzo (mkono wa chini unaofungua bunduki), tazama ndani ya chemba, yaani tundu la kuwekea risasi, kisha pitisha ufito wa mbao kutoka mdomo wa mtutu ili ujue kama kuna kitu kilichokwama. Usiidharau hatua hii, kwani baruti nyeusi ikikaa pakavu haipotezi nguvu kwa uzee.

Baada ya hapo, soma mihuri iliyo upande wa kulia wa kasha la mitambo: taji, herufi VR (za Malkia Victoria), jina la kiwanda, mwaka, na namba ya Kirumi ya toleo. Kuna matoleo manne makuu, na vipuri vyake havibadilishani vyote. Iwapo mihuri hiyo haipo na kuna maandishi ya Kidevanagari (hati inayotumika Nepal), huenda mkononi una Gahendra ya Nepal, ambayo kwa nje inafanana sana na Martini-Henry lakini mitambo yake ya ndani ni tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Kuifungua

Lowesha kila skrubu kwa mafuta ya kupenya na uiache kwa siku kadhaa. Bisibisi inolewe hadi ncha yake ijaze mfereji wa skrubu sawasawa, kwa sababu kichwa kikishachubuka hakirudi, na nyuzi za skrubu hizi si zile utakazozikuta kwa muuza vifaa wa kawaida. Pini inayoshikilia kizibo cha chemba, yaani kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma, ina ufa unaoifanya ijibane yenyewe kama springi. Igonge taratibu kwa kigongeo cha shaba. Kitako huachia baada ya kutoa bamba la nyuma na kulegeza bolti ndefu iliyo ndani yake. Piga picha kila unapotoa kipande.

Hatua ya 3: Kutu

Hapa ndipo bunduki nyingi huharibiwa na wanaozipenda. Siki, tindikali na brashi ya umeme huondoa kutu pamoja na rangi ya asili, na huifuta mihuri. Anza na mafuta na sufi laini ya shaba. Kutu nyekundu ikibaki, ondoa mafuta yote kwenye kipande hicho, kisha kichemshe katika maji yaliyotoneshwa kwa takriban nusu saa: ile nyekundu hugeuka kuwa nyeusi na kutulia, nawe utaona madoa ya rangi ya matofali yakififia kuwa kama masizi, ambayo hutoka kwa brashi laini na kuacha chuma cheusi kilichoshikamana. Kausha upesi, kisha paka mafuta.

Hatua ya 4: Mbao

Mbao ni ya mti wa jozi. Usiguse msasa. Safisha uchafu, kisha paka mafuta ya kitani kwa tabaka nyembamba sana. Mbonyeo huinuliwa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, lakini mvuke huohuo huinua na alama za mihuri, kwa hiyo kaa mbali nazo.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, kitoa ganda changu (kipande kinachovuta ganda la risasi kutoka kwenye chemba) hakipo. Nimepata kimoja ambacho muuzaji anasema kinaingia kwenye toleo lolote. Nikinunue?

Jibu: Usinunue kwa neno la muuzaji. Mwombe picha ya kipuri kikiwa kando ya rula, uilinganishe na cha bunduki ya toleo lako, na umuulize kama kilitoka kwenye Gahendra. Ukikosa cha asili, cha kuchongwa upya si aibu, mradi kigongwe alama ndogo ya mwaka kilipotengenezwa, asije mnunuzi wa baadaye akadanganyika.

Swali: Kipuri kikikataa kuingia kwa unywele tu, nipige tupa wapi?

Jibu: Kwenye kipuri kipya, kamwe si kwenye kasha la mitambo. Kipake wino mweusi, kijaribu, na uondoe pale tu wino ulipokwanguka.

Swali: Ikikamilika naweza kuifyatua?

Jibu: Somo hili ni la kuhifadhi. Kufyatua ni suala la fundi wa silaha mwenye leseni, ambaye atapima chemba, kizibo na mtutu. Naye akiridhika, ni baruti nyeusi tu, kwani baruti za kisasa zisizo na moshi huweza kuipasua.

Swali: Niihifadhi kwa mafuta au nta?

Jibu: Nta kwa nje, mafuta kidogo kwa mitambo. Mafuta yakizidi hutiririka hadi kwenye shingo ya kitako na kulainisha mbao, kwa hiyo isimamishe mdomo ukielekea chini.