Jinsi ya kusaini printi zako na kuweka alama ya hakimiliki kabla hazijaenda kwa fundi fremu

Wapigapicha wa Bagamoyo mnaouzia wageni pale Mji Mkongwe na Kaole, huu mwongozo ni wa printi za kutundika ukutani, pasipoti saizi hazihusiki.

Kwanza tuelewane, hakimiliki ni yako tangu ulipobonyeza kamera. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994 na huko hakuna sharti la © wala usajili ndo upate haki. Alama inamwambia mtu picha ina mwenyewe na amtafute wapi. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni ushahidi siku mkianza kubishana.

Kuprinti naruka, ila mwambie jamaa wa lab akuachie ukingo mweupe, walau sentimita 3 na chini uzidi kidogo. Atakwambia "bosi unapoteza karatasi", mwache aseme, karatasi umelipia wewe.

Kusaini sasa. Karatasi isiyong'aa, ile ya pamba, tumia penseli ya kawaida tu, haivuji wala haipaukii juani. Karatasi inayong'aa penseli haishiki, hapo tafuta peni ya wino wa pigmenti na ujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Biki weka mbali kabisa, inachimba karatasi. Saini inakaa chini ya picha kulia, kushoto namba, mfano 4/25 yaani ya nne kati ya 25, na ukishaandika 25 ndo 25 hiyohiyo, sio picha yako ya jahazi imependwa unaanza kutoa ya 26. Halafu hewa yetu ya pwani mnaijua, masika wino unagoma kukauka, kwa hiyo usizirundike, ziache zilale wazi mpaka asubuhi.

Alama ya © iende nyuma, pembeni, kwa penseli laini: © mwaka na jina lako kamili. Mwaka ni ule picha ilipotoka hadharani mara ya kwanza, sio mwaka ulioprinti. Na ile mihuri ya stationeri nyuma ya picha hapana, wino wake unaweza kupenya ukatokea mbele, katikati ya anga.

Piga skani mbele na nyuma kabla ya fremu, na faili la RAW, lile ghafi lililotoka kwenye kamera, usilifute hata diski ikijaa, ndo ushahidi wako, maana aliyekuibia ana JPEG tu, ile nakala ya kusambaza. Usajili wenyewe wa COSOTA ni fomu, nakala ya kazi, kitambulisho na ada kwa kontrol namba, na kama unajazia stationeri nenda asubuhi, mchana ni "mtandao unasumbua kaka" mpaka wanafunga.

Sasa fremu, hapa ndo hela yangu ilipoishia. Nimempelekea fundi mmoja printi imesainiwa, imeandikwa namba, kila kitu, fremu aliyokuwa nayo ikawa ndogo, hakupiga simu, kachukua kisu kakata ukingo wote mweupe, saini na namba vyote viko sakafuni na yeye anatabasamu, "nimekunyooshea". Mteja ana ndege usiku. Nikaprinti upya kwa hela yangu na ile iliyokatwa nikaichana, maana 4/25 haziwezi kuwa mbili mtaani. Kwa hiyo mpe vipimo vya karatasi nzima, sio vya picha, andika USIKATE kwa penseli kwenye karatasi ya kufungia, na ile kadi ya ndani ya fremu dirisha lake likatwe kubwa ili saini ionekane. Ukiweza kaa naye hapohapo akikata, kunywa kahawa yako, atanuna lakini mkono utakuwa mwangalifu.

Mwisho risiti. Kumuuzia mtu printi sio kumuuzia hakimiliki, ila wenye hoteli wengi hawalijui hilo, ananunua moja ya mapokezi kesho iko kwenye tovuti na fulana za wahudumu. Andika kwenye risiti yenyewe na asaini: "Umenunua nakala hii moja. Kuchapisha tena, matangazo na mtandao ni makubaliano mengine." Na bei ya hayo makubaliano mengine uwe nayo kichwani kabla hajakuuliza.