Laptopu inapiga kelele na waranti bado ipo: mwongozo kwa aliye Kigoma

Kituo cha huduma kilichoidhinishwa na mtengenezaji wa laptopu yako, kwa kawaida, kiko Dar es Salaam. Kutoka Kigoma hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mtu wa Dar akiambiwa "tumeiwasha, hatujasikia kelele yoyote", amepoteza nauli ya daladala. Wewe umepoteza gharama ya kutuma na kurudisha, pamoja na siku zote ulizokaa bila mashine, na kelele inarudi nayo ileile.

Jibu hilo hutolewa mara nyingi, na lina sababu. Karakana ina kiyoyozi, mashine inawashwa dakika chache bila kupewa kazi, feni haina haja ya kuzunguka kwa nguvu, na beringi iliyochakaa inakaa kimya. Ndiyo maana sehemu kubwa ya madai ya waranti hufanyika nyumbani kwako Mwanga, Gungu au Ujiji, kabla boksi halijafungwa.

Hatua ya 1: Tambua kelele inatoka wapi

Fanya kazi hii usiku, feni ya chumba ikiwa imezimwa. Kunja karatasi ya A4 iwe mrija, weka ncha moja sikioni, na ncha nyingine ipitishe polepole juu ya kibodi, pembeni kwenye matundu ya hewa, kisha chini. Sauti inapozidi ndipo kilipo chanzo. Andika mahali hapo: "kushoto juu, karibu na kitufe cha Esc" kunamsaidia fundi kuliko "inapiga kelele".

Mkwaruzo au mngurumo ni wa feni. Ama beringi yake imekwisha, ama pezi linagusa ganda. Iinue mashine taratibu, uisimamishe kwa ubavu. Sauti ikibadilika au ikikata, huenda beringi ndiyo mhusika, na hili ndilo dai la waranti lenye nguvu kuliko yote. Lakini kama laptopu yako ina hadidiski ya kuzunguka badala ya SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), usiigeuze ikiwa imewaka.

Mvumo wa upepo mtupu, bila mkwaruzo, unaweza usiwe ubovu kabisa. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inaitumikisha prosesa. Ikiwa hufanyi kitu na bado prosesa imepanda, feni inafanya kazi yake halali: kuna sasisho linaloendelea, antivairasi inayokagua mafaili, au programu iliyojiingiza bila wewe kujua. Shughulikia hilo kwanza. Sababu nyingine ni vumbi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, mashine inayotumika dukani kando ya barabara huziba matundu yake upesi, na watengenezaji huhesabu vumbi kuwa suala la usafi wa mtumiaji. Hulipiwi.

Mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika unaposogeza ukurasa au unapochomeka chaja, ni wa koili ndani ya saketi. Chomoa chaja, usikilize ukiwa kwenye betri peke yake. Kisha chomeka kwenye chanzo kingine cha umeme: inveta nyingi ndogo za sola hazitoi wimbi laini la umeme, na chaja huunguruma kwa sababu hiyo tu. Kama mlio unabaki hata kwenye betri, ujue watengenezaji wengi huuona ni wa kawaida. Dai hili ni gumu kushinda, na kwa mlio hafifu hatushauri kuisafirisha laptopu hadi Dar.

Mkwaruzo unaosikika kwenye muziki peke yake ni wa spika. Chomeka spika za masikioni. Muziki ukiwa safi humo, umepata jibu.

Sauti ya "tik, tik" inayojirudia ni ya hadidiski, na hapo acha kila kitu. Nakili mafaili yako sasa hivi, ukianza na yale usiyoweza kuyapata tena: picha, tasnifu, hesabu za biashara. Usiendeshe programu ya kuikarabati diski kabla ya kunakili, kwa sababu kuisoma diski yote kunaweza kuimaliza. Waranti itakupa diski mpya. Haitakurudishia kilichokuwa ndani.

Hatua ya 2: Hakikisha waranti ni ya nani, na ya nchi gani

Kuna waranti ya duka na kuna waranti ya mtengenezaji. Muuza duka wa Kariakoo aliyeandika "miezi 6" kwenye risiti amekupa ahadi yake mwenyewe, na unamdai yeye. Ya mtengenezaji huambatana na namba tambulishi ya mashine, ile iliyoandikwa S/N chini ya laptopu (kwa Dell ni msimbo wa herufi na tarakimu 7). Kama stika imefutika, namba hiyo inapatikana pia kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows. Iingize kwenye ukurasa wa waranti wa tovuti ya mtengenezaji na usome mambo matatu: tarehe ya mwisho, nchi, na aina ya huduma.

Tarehe. Mfumo mara nyingi huanza kuhesabu siku mashine ilipotoka kiwandani au kwa msambazaji. Ikiwa ilikaa dukani miezi minne ndipo ukainunua, risiti yako inaweza kusogeza tarehe hiyo mbele. Risiti ya EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto na maandishi yake hufifia, hasa ikikaa kwenye pochi au garini. Ipige picha leo na utoe kopi.

Nchi. Laptopu iliyonunuliwa Dubai au iliyoletwa na ndugu kutoka Ulaya inaweza kuwa na waranti isiyofanya kazi Tanzania. Baadhi ya kampuni, Dell ikiwemo, zina utaratibu wa kuhamisha usajili kutoka nchi moja hadi nyingine. Omba uhamisho huo kabla ya kutuma chochote. Mashine za mtumba, hata zikiwa safi kiasi gani, kwa kawaida waranti ya kiwandani imeshakwisha.

Aina ya huduma. Kama imeandikwa kuwa mteja hupeleka mwenyewe kituoni, usafiri ni juu yako. Laptopu za kiofisi wakati mwingine huja na huduma ya fundi kumfuata mteja. Uliza kama huduma hiyo inafika Kigoma au inaishia Dar.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi

Anza na kipimo cha ndani ya mashine yenyewe, kwa sababu matokeo yake hayabishaniwi. Izime kabisa. Kwa Dell, iwashe huku ukibonyeza F12, kisha chagua kipengele cha uchunguzi. Kwa HP, bonyeza Esc kisha F2. Kwa Lenovo nyingi ni F10. Chagua kipimo kirefu, siyo cha haraka. HP huonyesha tatizo la feni kwa msimbo 90B. Baadhi ya ThinkPad hukataa kabisa kuendelea kuwaka na kutoa ujumbe wa hitilafu ya feni. Piga picha msimbo wowote utakaotokea. Ukipita bila msimbo, bado hujashindwa: vipimo hivi huangalia kama feni inazunguka kwa kasi iliyotakiwa, na feni inaweza kuzunguka sawasawa huku ikikwaruza.

Hapo ndipo video inapohitajika. Weka laptopu juu ya meza ngumu, wala si kitandani. Anza kurekodi kwa kuonyesha S/N, bila kukata video, kisha igeuze na uiwashe. Shika simu sentimita 10 hivi kutoka mahali palipopigiwa alama na ule mrija wa karatasi. Rekodi ikiwa haina kazi. Halafu fungua video nne au tano za ubora wa juu kwa pamoja, subiri dakika 10, urekodi tena. Sema kwa sauti muda uliopita tangu kuwasha. Sekunde 30 kwa kila hali zinatosha, na usiweke muziki wala televisheni nyuma.

Hatua ya 4: Usiifungue

Fundi wa mtaani anaweza kuwa na ujuzi mzuri kabisa, lakini skrubu iliyolika au kishikizo cha kava kilichovunjika kinakupa kazi ya kujieleza. Usipulize kwa blowa ya gereji: upepo wake huizungusha feni kupita kasi iliyoundiwa na kuimaliza beringi, na kompresa hutoa unyevu. Mashine ikiwa imezimwa, pitisha brashi laini ya rangi kwenye matundu, basi. Angalia pia dalili za mende na sisimizi, wanaopenda joto la ndani. Vinyesi vyao na alama za maji ni sababu za kawaida za dai kukataliwa.

Hatua ya 5: Fungua kesi kabla ya kutuma

Wasiliana na mtengenezaji kwa barua pepe au gumzo la tovuti yake, upate namba ya kesi. Mfano:

"Laptopu (aina na modeli), S/N (namba), imenunuliwa (tarehe). Feni inakwaruza upande wa kushoto juu, kuanzia dakika ya 10 baada ya kuwasha, ikiwa na kazi. Sauti hubadilika mashine ikisimamishwa kwa ubavu. BIOS imesasishwa, matundu ni safi. Naambatanisha video, picha ya kipimo na risiti. Nipo Kigoma: naomba mthibitishe kwa maandishi kuwa kituo kitabadilisha feni, na kwamba kipuri kipo, kabla sijasafirisha."

Sentensi ya mwisho ndiyo ya thamani zaidi. Kipuri kikiwa kinaagizwa nje, ni heri laptopu ikusubirie hapa ukiendelea kuitumia kuliko ikae kwenye rafu ya karakana. Kusasisha BIOS nako siyo urembo tu: huko ndiko kunakopangwa kasi ya feni, na litakuwa swali lao la kwanza.

Hatua ya 6: Linda vilivyomo

Nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Tafuta ufunguo wa BitLocker (kifungio cha Windows kinacholinda diski), ule wa tarakimu 48, kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike pembeni. Wakibadilisha ubao mkuu (motherboard), mashine itaudai na bila ufunguo huo hufungui kitu. Tengeneza akaunti ya pili yenye nywila rahisi kwa ajili ya fundi, na nywila yako usimpe. Toa flashi, kadi ya kumbukumbu na kile kipokezi kidogo cha mausi.

Hatua ya 7: Funga na utume

Zima kabisa, siyo kuilaza (Sleep). Betri ibaki na chaji ya asilimia 30 hivi. Betri iliyovimba, inayoinua kibodi au kava, haipandi ndege wala basi: waarifu kituo kwanza. Tumia boksi la kadibodi nene lenye sponji ya sentimita 5 kila upande, kisha litikise. Ukisikia kitu kinasogea, ongeza. Kwa basi, omba boksi likae ndani badala ya buti la chini, ambako mizigo mizito hulalia juu yake. EMS ya Posta inakupa namba ya kufuatilia, na hilo lina faida yake. Kwenye stakabadhi ya mzigo, andika S/N na thamani.

Hatua ya 8: Kituoni, na siku ya kupokea

Atakayeipeleka kwa niaba yako ahakikishe fomu ya kupokelea ina maneno yako mwenyewe kuhusu kelele, namba ya kesi, mikwaruzo iliyokuwepo na orodha ya vilivyoambatana. Wakikataa dai, omba sababu kwa maandishi na picha ya walichokiona, kisha uzitume kwa mtengenezaji kwa namba ileile ya kesi. Mgogoro ukigoma, Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji.

Ikirudi, irekodi tena kwa jaribio lilelile la video tano. Feni ikiwa kimya lakini inavuma muda wote hata bila kazi, huenda walipobandua bomba la shaba la kupozea hawakuweka upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Hilo ni kosa la matengenezo, lirudishe kwao. Kagua Wi-Fi, spika, kila kitufe cha kibodi na skrubu zote. Kama ubao mkuu umebadilishwa, S/N kwenye BIOS ifanane na ya chini ya mashine, la sivyo waranti iliyobaki inaweza kupotea kwenye mfumo. Mwisho, uliza kipuri kipya kina waranti ya siku ngapi na ipate kwa maandishi, kwa sababu inaweza kuendelea hata baada ya waranti ya laptopu kwisha.