Kabla ya kuvaa sare: mambo ya kuandaa kwa kijana wa Tabora anayetaka uuguzi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, wazazi huanza kunisimamisha njiani: "Sista, mwanangu anataka unesi. Chuo gani kizuri?" Swali ni zuri, ila lina mambo yanayolitangulia. Vijana wengi niliowaona wakikwama kati ya shule na mshahara wa kwanza hawakukosa akili wala bidii. Walikwama kwa jambo ambalo lingemalizika mapema, wakati hakuna anayewakimbiza. Nayaandika hapa kwa mpangilio ambao kijana wa Nzega, Urambo, Sikonge au hapa mjini atakutana nayo.

La kwanza ni Fizikia. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, kwa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga unataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ukiacha ya dini, na ndani ya hayo lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ufaulu ni kuanzia D. Sasa tazama kinachotokea katika shule zetu za kata: mwanafunzi akiingia kidato cha tatu anaruhusiwa kuacha Fizikia, na wengi huiacha kwa sababu mwalimu ni mmoja au hayupo kabisa. Hakuna anayemwambia kwamba siku hiyo ameufunga mlango wa uuguzi. Mzazi, kama mtoto ameshataja hospitali hata mara moja, zungumza naye kabla hajachagua masomo. D ya Fizikia iliyopatikana kwa taabu ina faida kubwa kwake kuliko A ya somo asilolihitaji. Na aliyekwishamaliza bila Fizikia anaweza kuifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Novemba, lakini kujiandikisha NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ni miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo asisubiri kiangazi kiishe.

Hisabati na Kiingereza mwongozo unavitaja kama nyongeza tu. Mimi ningeviweka juu zaidi. Masomo chuoni hufundishwa kwa Kiingereza, na hesabu utazifanya kila zamu. Daktari ameandika mgonjwa apate lita moja ya dripu kwa saa nane, na mpira wa dripu ulio nao hutoa matone 20 kwa mililita moja. Zidisha 1,000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Kisha unasimama kando ya kitanda na saa yako, unahesabu matone huku unageuza kigurudumu mpaka yalingane. Mtoto ameandikiwa miligramu 375 za dawa ya maji, chupa inasema miligramu 250 katika mililita 5: atapewa mililita ngapi? Ni saba na nusu. Ukikosea nukta unampa mtoto wa watu dawa mara kumi. Ile miezi ya kungoja udahili, ambayo wengi huimalizia kwenye simu, inatosha kabisa kurudia sehemu, desimali, asilimia na vipimo. Daftari moja na kitabu cha hisabati cha kidato cha pili vinatosha.

Sasa majina. Hili limewatesa watu wazima wenye vyeti safi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rehema, shule ya msingi iliandika Rahma, kitambulisho cha taifa (NIDA) kimebeba jina la babu, na cheti cha NECTA kina jina la baba peke yake. Kijijini wote wanajua ni mtu mmoja. Mfumo wa maombi haujui. Kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, mzazi na mwanafunzi wakae mezani na karatasi zote, wasome herufi kwa herufi: jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, nendeni ofisi ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wilayani mkaanze sasa, maana wakati wa haraka ndipo foleni inapokuwa ndefu. Jina la NECTA ndilo litakalofuata hadi cheti cha chuo na leseni, hivyo NIDA ikiandikishwa ifuate hilohilo. Kama tofauti imeshatokea na haiwezi kufutwa, ipo njia ya kisheria ya hati ya kubadili jina inayosajiliwa, na waajiri wa serikali huitaka. Kiapo cha kuandikiwa haraka siku ya mwisho ya maombi si kitu cha kutegemea.

Njia za kuingia chuoni ni mbili, na mwanafunzi anaweza kuzitumia zote. Ipo ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri, ambapo wahitimu wa kidato cha nne hupangiwa kidato cha tano au vyuo vya kati kwa kufuata machaguo yao. Matokeo yakitoka hupewa muda wa kubadilisha machaguo ya tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano) na kozi, na wengi huuacha upite. Nyingine ni udahili wa pamoja wa kozi za afya unaosimamiwa na NACTVET, ambao kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Omba mwenyewe, kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Kijana wa steshenari akikufungulia akaunti kwa barua pepe yake, siku akihama unapoteza kila kitu.

Kuhusu chuo kizuri, hakikisha kwanza kimesajiliwa. Orodha ipo kwenye tovuti ya NACTVET, na vyuo vya afya vina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS. Baada ya hapo uliza jambo moja tu: wanafunzi wanafanyia mazoezi wapi? Uuguzi hujifunzwa wodini. Mkoa wetu una bahati ya vyuo vilivyokua ubavuni mwa hospitali, kama Nkinga kule Igunga na Ndala wilayani Nzega, ambako mwanafunzi anatoka darasani akaingia wodi ya wazazi kwa miguu. Chuo chenye jengo zuri mjini lakini kinachogombania nafasi ya mazoezi na vyuo vingine kitakupa cheti, ila mikono itabaki migeni.

Fedha. Kwetu ada nyingi hutoka kwenye tumbaku, na hapa ndipo mpango unapoharibika. Soko hufunguliwa masika yakiisha, mkulima anakatwa mkopo wa pembejeo, halafu malipo yenyewe yanaweza kuchelewa. Muhula wa kwanza ukianza Septemba au Oktoba, pesa ipo, mtoto anasindikizwa vizuri na sanduku jipya. Muhula wa pili unamkuta baba shambani, mvua inanyesha, mfukoni hamna kitu, na mtoto anazuiwa kufanya mtihani. Kwa hiyo tumbaku, asali au mpunga ukiuzwa, tenga ada ya mihula yote miwili siku hiyohiyo, kabla ya bati na pikipiki. Na usihesabu ada peke yake. Soma fomu ya kujiunga hadi ukurasa wa mwisho: kuna bima ya afya, sare, vitabu vya kurekodi mazoezi ya wodini, ada ya mitihani, hosteli au chumba, na nauli na chakula wakati wa mazoezi ya vijijini. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24 kwa kozi za kipaumbele. Si kila kozi ya afya huwamo, hivyo soma mwongozo wa mwaka wenu kabla ya kuuweka mkopo kwenye bajeti. Malipo yoyote halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo (control number). Anayekwambia utume kwa jina lake ili "akuingize" ni tapeli, hata kama ni binamu wa mtu unayemjua.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeliandaa ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukianza siku ya kuripoti chuoni, utaingia wodini kinga haijakamilika. Anza ukiwa nyumbani, utunze kadi. Pia jifunze mapema kwamba ukichomwa na sindano iliyotumika, unaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, unatoa taarifa papo hapo, na dawa za kinga dhidi ya VVU huanzishwa haraka iwezekanavyo, isizidi saa 72. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Usifiche.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Nunua saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, viatu vya kufunika vidole visivyopiga kelele usiku, na mashine ya presha ukiweza. Simu si saa ya wodini.

Kabla hujalipa chochote, omba siku chache za kukaa kwenye zahanati ya karibu, kwa ruhusa ya mfawidhi anayeisimamia, ufagie, upange mafaili, uwaone watu. Utajua kama unaweza kumsikiliza bibi anayeeleza ugonjwa kwa Kinyamwezi kuanzia mwaka wa mavuno mabaya, huku nyuma yake kuna watu thelathini benchini. Wavulana, nanyi njooni. Wodi za wanaume zinawahitaji, na hata za wanawake zimewazoea.

Ukiwa chuoni, kitabu chako cha kurekodi mazoezi kisainiwe siku uliyofanya kazi. Kumtafuta msimamizi aliyehamia Kaliua akusainie mzalisho wa mwaka jana ni mateso. Omba kufanya, usisubiri kuitwa: kusafisha kidonda, kuweka mpira wa mkojo, kujaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Muuguzi mwenye zamu nzito humfundisha kwa moyo mwanafunzi aliyewahi kutandika vitanda bila kuambiwa.

Kumaliza chuo hakukupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa peke yako. Ruhusa hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Unafanya mtihani wa Baraza, unasajiliwa, unapata leseni, na leseni huhuishwa. Waliohitimu shahada huwa pia na mwaka wa mafunzo kazini. Usiende kijijini kupumzika mpaka usahau. Endelea kusoma na wenzako wawili watatu, fungua akaunti kwenye mfumo wa mtandaoni wa Baraza, na weka pembeni nauli na ada ya mtihani tangu muhula wa mwisho, kwani ndiyo miezi ambayo nyumbani wanadhani matumizi yamekwisha.

Kwa ajira ya serikali, andaa faili kabla ya tangazo. Matangazo hutoka kwa Sekretarieti ya Ajira na TAMISEMI, na muda wa kuomba huwa mfupi. Mwenye stashahada atafute nafasi ya Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II. Mwenye astashahada, yaani cheti cha ngazi iliyo chini ya stashahada, ni Muuguzi Daraja la II. Wapo wanaoomba nafasi isiyolingana na cheti chao na kubaki wakishangaa. Matangazo husema wazi kwamba matokeo ya muda na karatasi za matokeo hazikubaliki: wanataka nakala za vyeti vyenyewe, zilizothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa, leseni hai na barua iliyosainiwa. Piga skani zisomeke, zihifadhi kwenye barua pepe yako na kwenye flashi. Kuomba ni bure. Usaili upo, kwa hiyo rudia madaftari.

Wakati unangoja, na huenda ukangoja sana, usiiache mikono ilale. Hospitali za mashirika ya dini huajiri kwa mkataba, na halmashauri hupokea wanaojitolea ukipeleka barua kwa Mkurugenzi na nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Naunga mkono kujitolea, ila kwa maandishi: kituo gani, msimamizi nani, posho au nyumba ipo au haipo, mpaka lini. Ukiondoka, dai barua ya uthibitisho. Kumfanyisha mhitimu kazi ya zamu mwaka mzima bila hata karatasi si haki, na kijana ana haki ya kusema hapana.

Barua ya kupangiwa kazi ikifika, uwezekano mkubwa ni zahanati ya kijijini. Nenda na akiba ya miezi kadhaa, maana mshahara hauingii mpaka taarifa zako ziwe kwenye mfumo, na posho ya kujikimu inaweza kuchelewa. Beba taa ya sola, chandarua, na nakala za kila cheti. Siku ya makabidhiano, usisaini kabla hujahesabu dawa na kuona kwa macho. Fungua jokofu: oksitosini, ile sindano ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na kama umeikuta kabatini kwenye joto la Oktoba, agiza nyingine. Tafuta ambu bagi, kile kifuko cha kumsaidia mtoto mchanga kupumua, ujaribu kama inasukuma hewa. Uliza barabara ipi hukatika mvua zikianza Novemba, na dereva gani wa kijijini amesajiliwa kubeba mama wa dharura kupitia m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Namba ya kupiga ni 115, bila malipo. Piga simu ukiwa umesimama hapo zahanati ujue mtandao unashikia wapi, kisha waonyeshe na wahudumu wa afya ya jamii sehemu hiyo.