Iringa kwa miguu: jinsi ya kuuzunguka mji na sehemu ambazo wageni wengi wanazipita tu

Wabongo wengi Iringa wanaijua kupitia dirisha la basi. Mmepanda Kitonga, watu wameshikilia viti, mkifika juu kila mtu anapumua, afu mnapita Ipogolo pale chini mtoni na safari ya Mbeya inaendelea, mji wenyewe uko juu kilimani wala hamjauona. Watalii nao wanalala usiku mmoja, asubuhi gari la kwenda hifadhi ya Ruaha linawabeba. Mimi naona hii ni hasara kubwa sana maana kwa wanaopenda historia ya nchi hii sijui kama kuna mji mwingine wa bara ambao unaweza kutembea kwa miguu siku moja tu ukakutana na Mkwawa (yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani), Mjerumani, Majimaji, vita vya kwanza vya dunia na duka la Mhindi vyote ndani ya kilomita chache hivi. Kwahiyo hapa naelekeza jinsi ya kuuzunguka, sehemu gani uanze, muda gani, na vitu gani uangalie.

Kwanza mavazi na miguu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mtu wa Dar akija na kandambili na tisheti mwezi wa sita au wa saba atateseka, asubuhi baridi inakata kweli kweli. Beba sweta au jaketi, vaa raba zenye soli nzuri maana mji ni wa kupanda na kushuka na barabara za mtaani zina kokoto. Siku ya kwanza nenda taratibu, ukihema haraka kwenye mlima usishangae, ndo hali ya hewa ya huku. Miezi mizuri ni kuanzia wa sita mpaka wa kumi, kukavu. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka mpaka kama mwezi wa nne njia za udongo zinateleza, unaweza kutembea ila panga asubuhi mapema.

Basi litakushusha stendi mpya Igumbilo, kule chini barabara kuu. Pale chukua daladala au bajaji mpaka mjini, kupatana bei kabla ya kupanda ni lazima. Kama huna mzigo na una nguvu, mwambie akushushe Ipogolo upande mwenyewe kwa miguu kufuata lami. Ni mlima haswa lakini ukigeuka nyuma unaliona bonde la Ruaha Mdogo lote na unaelewa papo hapo kwanini Wajerumani walichagua kukaa hapa juu. Na hilo ndo jambo ambalo ukilielewa mji wote unakaa sawa kichwani: mji huu wa sasa haukuwa mji wa Mkwawa. Mji wake, ule uliokuwa unaitwa Iringa enzi hizo, ndo Kalenga ya leo, kama kilomita 15 kutoka hapa. Wajerumani waliivunja ngome yake tarehe 30 Oktoba 1894 kwa mizinga, afu mwaka 1896 wakaanzisha kambi yao juu ya hiki kilima, na hapo ndo mji unaotembea leo ulipozaliwa. Yaani unatembea kwenye mji uliojengwa kumwangalia adui ambaye bado alikuwa hai porini. Mkwawa alikuja kufa miaka miwili baadae.

Kwahiyo anza Boma. Watu wanaenda moja kwa moja jiwe la Gangilonga kupiga picha, mi nasema hapana, Boma kwanza. Ni jengo la kama mwaka 1900, lilijengwa kama hospitali ya jeshi la Mjerumani, baadae likawa ofisi za serikali miaka mingi, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kuta nene, ndani kuna ubaridi. Ukizunguka vyumba vyake unapata hadithi ya Wahehe na watu wengine wa nyanda za juu kusini, vyombo vya nyumbani, silaha, picha za zamani, mambo ya kimila. Chukua muda, saa moja na nusu hivi, na waulize wahudumu maswali maana maelezo ya mdomo ni matamu kuliko ya ukutani. Ukitoka hapo majina yote utakayokutana nayo siku nzima unakuwa unayajua.

Toka Boma tembea kuelekea soko kuu. Soko la Iringa lina samaki wa bwawa la Mtera, maharage ya kila rangi, viazi, parachichi, na upande wa vikapu. Vile vikapu vya majani ya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe, vinavyouzwa bei ya kufuru kwenye maduka ya kitalii Dar na Arusha, hapa ndo kwao. Usinunue wa kwanza unayemwona, zungushia macho, shika kikapu, kigeuze chini uangalie mshono wa kitako, kama kimebana na hakiyumbi kikiwekwa mezani basi ni kizuri. Na salamu ni muhimu kuliko hela. Sema "kamwene mama", utaona uso unafunguka, hata bei inakuwa ya kibinadamu. Msikimbilie kupatana kabla hamjasalimiana vizuri, huku watu hawapendi haraka hiyo.

Karibu kabisa na soko, mbele ya kituo cha polisi, kuna mnara ambao watu wanapita kila siku bila kuuangalia. Ni kumbukumbu ya Waafrika waliokufa kwenye vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, 1905 mpaka 1907. Simama hapo dakika tano. Vita vyenyewe vilipiganwa zaidi kusini na mashariki ya hapa, na Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuingia, ilikuwa haijapita hata miaka 10 tangu Mkwawa afe. Ukiweka hayo mawili pamoja unaanza kuona Majimaji sio ile hadithi fupi ya darasani tu. Angalizo moja: hapo ni polisi, usitoe simu ukaanza kupiga picha hovyo, ingia uombe ruhusa kwa heshima au iache tu.

Kutoka hapo ingia mitaa ya maduka upande wa magharibi. Hapa inua kichwa, usiangalie bidhaa tu. Msikiti wa Ismailia wenye mnara wa saa ndo unaotawala mtaa, na maduka ya zamani yamejipanga pembeni, yenye baraza mbele na nyumba ya kuishi juu au nyuma. Wahindi walifanya biashara hapa toka enzi za Mjerumani na ujenzi wao bado umesimama, milango ya mbao mizito, nakshi za zege juu ya paa, zingine zimepakwa rangi za mitandao ya simu mpaka zinatia huruma. Natamani manispaa iyalinde haya majengo maana yakivunjwa kujenga fremu za vioo hayatarudi. Kama kuna mzee amekaa barazani msalimie "shikamoo mzee", mwambie unazunguka kuangalia majengo, mara nyingi atakwambia duka lilikuwa la nani na liliuza nini, na hiyo huipati kwenye kitabu chochote.

Mchana kula mjini. Ukitaka kitu cha tofauti ulizia Neema Crafts, madereva bajaji wanapajua. Walianza 2003 na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi, pamoja na ile ya kinyesi cha tembo, na pakakua mpaka pakawa karakana kubwa ya watu wenye ulemavu, kusuka, kushona, shanga. Mhudumu wako anaweza akawa kiziwi, unaandika unachotaka au unaonyesha kwa mikono, na inaenda vizuri tu. Kama unataka chakula cha kawaida mama lishe wa kuzunguka soko wanakutosha, na maziwa mgando ya huku usiyakose.

Baada ya chakula, wakati jua bado kali, nenda makaburi ya Jumuiya ya Madola, kusini mashariki ya mji. Hakuna foleni wala kelele hapo. Mistari ya mawe, majani yamekatwa vizuri, majina ya wanajeshi waliokufa huku kwenye vita vya kwanza na vya pili. Waingereza waliingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916 na mapigano ya kuzunguka hapa yaliendelea miezi kadhaa. Soma majina taratibu, angalia umri. Afu jiulize kuhusu wapagazi, maana kampeni ya Afrika Mashariki ilibebwa mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika, maelfu kwa maelfu, wengi walikufa kwa njaa na magonjwa kuliko risasi na hawana jiwe lenye jina popote. Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza haya makaburi ilikiri kwamba Waafrika hawakukumbukwa kwa usawa. Mimi sehemu hii ndo inaniuma kuliko zote kwenye mzunguko huu, na ndo maana siwezi kuiruka hata kama haina picha nzuri.

Sasa Gangilonga, na muda ni kila kitu. Ondoka mjini kama saa kumi jioni, ni kaskazini mashariki, kilomita moja na nusu hivi kutoka katikati, unapita mitaa iliyotulia yenye nyumba za zamani na mawe makubwa makubwa yamekaa katikati ya viwanja. Jiwe lenyewe wenyeji wanasimulia lilikuwa linanena, na kwamba Mkwawa alikuwa anakuja kukaa hapo kutafakari na hapo ndo alipojua Wajerumani wanakuja. Kupanda ni dakika chache tu na juu unauona mji wote, mabati, minara, na milima inayozunguka. Ila nisikilize vizuri hapa: usiende peke yako, na usisubiri giza liingie. Vibaka wamewahi kuwasumbua watu pale. Nendeni watatu au zaidi, au chukua kijana mwenyeji unayemwamini kutoka gesti yako, simu moja tu ya picha, hela kubwa iache ulipolala, na saa kumi na mbili kasoro muwe mnashuka. Mkiwa mmevaa raba hamna shida ila kama kumenyesha jiwe linateleza, msilazimishe.

Kama njia yako itapita karibu na Chuo cha Ualimu Kleruu, jina hilo ni la Dk. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa aliyepigwa risasi na mkulima kule Ismani siku ya Krismasi 1971, kipindi cha moto wa vijiji vya ujamaa. Waulize wazee kwa upole, wengine bado hawapendi kuizungumza.

Siku ya pili ni Kalenga, na hii usiiache. Pale mjini panda daladala za njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, waambie unashuka Kalenga, kisha tembea kijijini mpaka makumbusho. Ni kanyumba kadogo. Ndani kuna fuvu la Mkwawa. Kifupi tu kwa wasiojua: tarehe 17 Agosti 1891 kule Lugalo Wahehe walivivamia vikosi vya kamanda wa Kijerumani Zelewski, yeye akafa na karibu watu 300 wa upande wake, Wajerumani wakamsaka Mkwawa miaka yote hiyo, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Kilidaiwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na bado hakikurudi mpaka 1954 gavana wa Kiingereza Twining alipokileta kutoka Bremen. Kwahiyo ukiingia pale ingia kwa heshima, vua kofia, punguza sauti, picha uliza kwanza. Mwache mtunzaji aongee mpaka amalize. Afu toka nje, tembea kando ya mto, angalia eneo la ngome lilipokuwa na milima iliyo juu yake, utaelewa mizinga ilifanya nini, kitu ambacho picha haiwezi kukuonyesha.

Isimila nayo iko kama kilomita 20 barabara ya Mbeya, shuka njia panda utembee kwenye vumbi au uchukue bodaboda. Nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale sana zimetapakaa, palianza kujulikana 1951 na uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958. Nenda asubuhi na maji ya kutosha maana bondeni kuna joto, na usiokote jiwe lolote hata dogo. Ila kama una siku moja tu ya ziada na inabidi uchague, chagua Kalenga. Mawe ya Isimila ni ya zamani zaidi na yanapendeza kwenye picha kuliko kitu chochote nilichotaja, lakini bila Kalenga kila ulichokiona mjini, Boma, makaburi, Gangilonga, kinabaki nusu.