Kuotesha Salinispora kutoka kwenye mashapo ya bahari

Salinosporamidi A, iliyofanyiwa majaribio ya kutibu saratani kwa jina la marizomibu, ilitoka kwa Salinispora tropica, bakteria wa mashapo ya Bahamas. Jamaa zake wanaishi chini ya bahari za joto. Kuwapata si kazi ngumu; kazi ni kuwasubiri.

Chota mashapo ya juu, sentimita 1 hadi 2. Yakaushe usiku kucha kwenye kabati la hewa safi, yatwange, kisha gusisha sponji iliyotakaswa kwenye unga huo. Igonge juu ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) mara 8 au 9 ukizunguka sahani, bila kuchovya tena. Miguso ya mwisho ndiyo inayoacha koloni zilizotengana.

Agari ni A1: wanga gramu 10, dondoo ya hamira 4, peptoni 2, agari 18, na lita 1 ya maji ya bahari yaliyochujwa. Usitumie maji ya bomba. Bila maji ya bahari hawaoti. Ikipoa hadi nyuzi 50, vaa glavu utie sikloheksimidi mikrogramu 100 kwa mililita kuzuia ukungu, na rifampisini 5 kuzuia bakteria wengine. Salinispora huihimili; S. arenicola, mmoja wa jamaa hao, hata hutengeneza mwenyewe rifamisini, dawa ya kundi moja na rifampisini.

Mimina mililita 25 kwa sahani, ziba ukingo isikauke, weka kwenye nyuzi 28. Wengi hutupa sahani wiki ya pili, na hapo ndipo hasara ilipo. Subiri wiki 6, hata 12. Tafuta koloni ya chungwa, ngumu, iliyoshika agari hivi kwamba sindano huimegua vipande. Ikitoa spora hugeuka nyeusi, wala haivai unga mweupe kama Streptomyces, bakteria wa udongo.

Ihamishie kwenye A1 ya majimaji (isiyo na agari), tena isiyo na rifampisini, la sivyo utapima dawa uliyotia mwenyewe. Tikisa siku 7 pamoja na gramu 20 za resini ya XAD kwa lita: salinosporamidi huvunjika haraka majini, na resini huinasa. Chuja kwa shashi, suuza chumvi, loweka resini kwenye asetoni, kisha vukiza asetoni hiyo; kinachobaki ndicho dondoo.

Yeyusha dondoo kwa asetoni, dondoshea diski ya karatasi mikrolita 20, iache ikauke kabisa, uiweke juu ya sahani iliyopakwa bakteria Staphylococcus aureus. Pembeni weka diski ya asetoni tupu. Duara lisiloota bakteria likitokea, rudia kwa S. aureus aliye sugu kwa rifampisini. Likitoweka, huenda umeokota rifamisini tu. Lisipotokea, usimwage: salinosporamidi hulenga proteasomu (mitambo ya kuvunja protini) za seli za saratani, kwa hiyo dondoo hiyo ipimwe kwenye seli hizo.