Nduthi ya kitambo imekataa kuwaka? Usikimbilie CDI

Nduthi (pikipiki) ikizima kwa jam ya Jogoo Road, kuna fundi atakwambia hapo hapo ni CDI, yaani kile kiboksi kinachopanga moto wa plagi, unaenda Grogan, kule kwa spea Nairobi, unanunua mpya, unafunga na bado haiwaki, na vitu vya stima ukishavifunga duka nyingi hazirudishi. Nduthi ya miaka mingi, hasa ile imefanya boda, anza na waya na athi, yaani ule waya unaorudisha stima kwa betri kupitia fremu na injini. CDI iwe ya mwisho kabisa.

Kabla ushike spana, angalia ile swichi nyekundu ya kuzima injini iko mkono wa kulia. Ikilowa maji ya carwash ama mvua ya Aprili inaweza kuzima nduthi yote, chezesha mara kadhaa, ipulize ikauke.

Sasa plagi. Ukiitoa ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila moto hakuna ama ni dhaifu. Ikiwa nyeusi kavu ya masizi, petroli ni nyingi ama hewa haiingii vizuri, safisha filta kwanza. Irudishe kwa kofia yake, chuma chake kiguse injini kabisa, iwe mbali na shimo ilipotoka kwa sababu hapo kunatoka mvuke wa petroli, halafu piga kiki. Unataka moto wa bluu unaolia tak tak. Wa manjano mwembamba ni dhaifu. Na tafadhali usipige kiki plagi ikining'inia hewani, hivyo ndivyo CDI nzima inaungua.

Moto ukikosa, jaribu plagi mpya. Bado? Fungua kofia ya plagi, nyingi zimefungwa kama skrubu, ukate waya wa koili (kile kinachokuza stima ya plagi) kama milimita 5 mpaka uone shaba safi, ikiwa waya bado ni mrefu, urudishe. Hiyo kazi ya bure inaokoa nduthi nyingi sana.

Halafu athi, na hapa ndio naomba usiwe na haraka. Fungua boliti inayoshika waya wa athi kwa fremu na ile ya koili, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena kwa nguvu. Kama una mita ya volti na nduthi ni ya stata, weka waya mmoja kwa hasi ya betri na mwingine kwa injini, bonyeza stata, ikisoma zaidi ya nusu volti athi ni mbovu. Washa taa pia uzungushe usukani kushoto kulia mpaka mwisho. Taa zikipepesa ama injini ikikatika, kuna waya umekatika ndani pale shingoni, ngozi ya juu itakuwa inaonekana nzima kabisa kwa hivyo upapase kwa vidole, mahali panapojikunja kwa urahisi kuliko kwingine ndio hapo. Na zile waya za redio, za chaja ya simu na taa za urembo zilizounganishwa kwa selotepu, toa zote kwanza ndio ujue unatafuta nini.

Betri ikiwa imetulia isome kama volti 12.6, chini ya 12 ichaji kwanza. Injini ikiwa imewaka na ukivuta mafuta isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15 regulata, kile kinachodhibiti stima ya kuchaji, imekufa, ndio maana unaunguza balbu kila wiki na maji ya betri yanaisha. Ikikaa 12 hata ukivuta mafuta, betri haichajiwi, angalia soketi ya regulata kama imeyeyuka kabla ulaumu betri. Fyuzi ikiungua weka ya ampea zile zile, usifunge waya ama karatasi ya kung'aa ya sigara, hiyo inachoma waya zote chini ya tangi.

Kuna ile inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inazima, ikipoa inawaka tena. Hiyo mara nyingi ni koili ama pikapu, kile kisensa kinachoambia CDI wakati wa kutoa moto, iko upande wa magneto (inayozalisha stima kwa injini), na lazima uipime hapo hapo ikiwa moto, ukingoja ipoe kila kitu kitasoma sawa. Yote hayo yakiwa safi na bado hakuna moto, azima CDI ya rafiki mwenye nduthi kama yako ujaribu nayo, ikiwaka ndio uende Grogan.