Kuchora na familia nzima: namna ya kuendesha tiba ya sanaa pale kila nyumba ina mila yake

Watu wengi wakisikia tiba ya sanaa wanafikiria ni kuwapa watoto krayoni wachore, alafu mshauri aiangalie picha na aseme mtoto ana shida gani. Hapana jamani. Kazi ni kuipa familia kitu cha kufanya pamoja kwa mikono, manake kuna mambo baba hawezi kuyasema mbele ya watoto wake lakini kwenye karatasi yanatoka, na ukiwa unafanya kazi sehemu kama Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Turkana, Kenya, ambapo tangu 1992 wanaishi watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, wote kambi moja, kuna kitu inabidi ukishike kabla ya vyote: maana ya picha ni ya wale walioichora. Wewe unauliza, hutafsiri.

Kabla hujabeba karatasi yoyote nenda kawasalimie nyumbani. Kaa, ukipewa chai kunywa, uliza mkubwa wa nyumba ni nani na nani kwa kawaida huanza kuongea, kama wanaume na wanawake hukaa pamoja, kama wangependa mshauri mwanamke. Uliza pia saa za swala, na kama ni Ramadhani usiweke kikao alasiri watu wameshachoka na saumu. Na usiamue wewe nani ni familia. Unakuta kuna mtoto wa marehemu shangazi, kuna bibi aliyebaki Kivu kule Kongo, kuna kaka hajulikani alipo, hao wote wanaweza kuingia kwenye picha, na kuna nyumba ambazo marehemu hatajwi jina ovyo, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujasema "mchoreni".

Mkalimani ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Usimtumie mtoto, hata kama ndo anayejua Kiswahili vizuri kuliko wazazi, kwa sababu utamfanya asikie uchungu wa mama yake alafu aubebe kuupeleka kwako, hilo ni kosa kubwa. Na usiseme tu "nimepata mtu wa Sudan Kusini". Vita vilivyoanza Desemba 2013 viliwagawa watu kwa makabila, na familia ya Wanuer inaweza ikafunga mdomo kabisa mkalimani akiwa Mdinka, au kinyume chake, na wala hawatakwambia sababu. Wape nafasi ya kumkataa mkalimani faraghani bila kujieleza.

Sasa vifaa. Bibi ambaye hajawahi kushika penseli ukimpa penseli umemuaibisha mbele ya wajukuu, na wazee wengi wanaona kuchora ni mambo ya chekechea. Ndo maana mimi naamini kwenye vitambaa, udongo na uzi kuliko karatasi. Vipande vya kitenge kutoka kwa fundi, gundi, mkasi, mkeka wa kukalia, basi. Kwa familia za wafugaji wa Sudan Kusini leta udongo wa mfinyanzi, watoto wa Wadinka na Wanuer wamezoea kufinyanga ng'ombe na baba mwenyewe atainama kurekebisha pembe, na hapo maongezi yanaanza bila wewe kusukuma (funika udongo na kitambaa kilicholowa, lile joto la Turkana linaukausha haraka sana). Kwa familia za Kiislamu usilazimishe kuchora watu wala wanyama, wengine hawana shida na wengine hawataki kabisa, weka nafasi ya maua, michoro ya hina, ususi, rangi tupu, nyumba. Na tafadhali usitumie unga, mchele wala maharage kubandika picha, mahali ambapo mgao wa chakula umepunguzwa tena na tena huwezi kumwambia mama agundishe maharage kwenye manila pepa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni leso ya familia. Watu wa pwani wanajua leso ina pindo (ukingo wa pande zote), ina mji (sehemu ya katikati), ina jina (maneno yaliyoandikwa), lakini hata Mkongo au Mrundi ukimuonyesha anaelewa mara moja. Tandika kitambaa cheupe cha ukubwa wa leso katikati ya mkeka, watu wakae pande zote nne. Anza na pindo: kila mtu aweke kitu kinachoilinda nyumba hii. Usiharakishe. Angalia mikono. Tuseme baba amechukua pindo la juu lote peke yake na anapanga vipande vyekundu kimoja kimoja, mama anasubiri, kijana mkubwa kakata kipande kirefu cha buluu lakini hajui akiweke wapi, anakigeuzageuza, mpaka kale kasichana kadogo kanasogea na kumwachia nafasi kwenye kona. Hicho ndo kikao chenyewe. Hutakiwi kusema "naona kijana hana nafasi", sema "niambieni kuhusu hii kona" alafu unyamaze. Baada ya hapo mji, yani kilichomo ndani ya familia, na mwisho jina, wakubaliane maneno ya kuandika. Kubishana kuhusu jina kunaweza kuchukua muda kuliko kutengeneza leso yote na ni sawa kabisa, waache wabishane, kwa lugha yao, hata kama mkalimani anakupa nusu tu.

Kama unataka kuona nani anamgusa nani, mpe kila mtu rangi moja na asibadilishane, wachore karatasi moja kubwa bila kuongea kwa dakika kumi hivi, baadae mnaona rangi ya nani imefika wapi. Na kwa walio na majeraha ya vita kuna mti wa maisha, zoezi ambalo mtu anachora maisha yake kama mti, la Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough, lilianza na watoto walioguswa na UKIMWI kusini mwa Afrika. Mizizi ni unakotoka, ardhi ni unapoishi sasa, shina ni ujuzi wako, matawi ni matumaini, majani ni watu wako, matunda ni zawadi ulizopewa na wengine. Uzuri wake ni kwamba mtu anasimama kwanza kwenye nguvu zake ndo mnakuja kuongea dhoruba, yani shida alizopitia.

Kuhusu kusoma picha. Ile mbinu ya mtoto kuchora familia ikiwa inafanya kitu, wataalamu wa saikolojia Burns na Kaufman waliileta 1970, ilitokana na watoto wa Marekani, kwa hiyo mtoto wa Kisomali akijichora mdogo pembeni usikimbilie kuandika "anajidharau". Inawezekana ni adabu, hajiweki mbele ya wakubwa. Nyeusi kila mahali? Angalia kwanza kama kuna krayoni nyingine iliyobaki kwenye boksi. Nauliza tu: hapa pana nini, nani hajaingia, ungeweza kuongeza kitu ungeongeza nini.

Usiwahi kumwambia mtu achore vita. Ikitoka yenyewe, sawa. Ukiona mtu anatetemeka, macho yameganda, hajibu jina lake, acha zoezi, mshikishe udongo wa baridi au maji, taja vitu vilivyopo hapo mlipokaa, na baada ya kikao mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, usijaribu kumalizana nayo peke yako.

Na kazi zao ni zao. Usizipige picha za kuwaonyesha wafadhili, hata mama akisema sawa, kwa sababu mtu anayesubiri msaada kutoka kwako hana uhuru wa kukataa. Zitunze kwenye bahasha mahali panapofungwa na ufunguo na usiandike jina nje, vikao vikiisha warudishie. Hii ndo sababu nyingine ya kupendelea kitambaa: familia ikipangiwa kuhamia Kanada au nchi nyingine, manila pepa itabaki nyuma, lakini leso inakunjwa inaingia kwenye begi na nguo.